Macho ya Petka

Mgeni akiuliza nani aliyetoboa macho ya watakatifu wetu waliochorwa ukutani, sisi watu wa Ohrid tuna jibu la haraka: Waturuki waliotutawala zamani. Wageni hulipenda jibu hilo. Hutikisa vichwa, huandika kwenye vijitabu vyao, kisha hushuka ziwani kula samaki. Nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi, ufunguo wa kanisa mkononi na uso mkavu. Ni uongo mtupu. Waliotoboa ni bibi zetu, kwa vijiko na pini za nywele, na walitoboa kwa mapenzi.

Desturi yenyewe ni hii. Mtoto akiugua macho, mama yake hupanda kwa Mtakatifu Petka siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo siku yake. Hukwangua kidogo pale macho ya mtakatifu yalipochorwa ukutani, akachanganya lile vumbi na maji ya kisima cha kanisa, akampaka mtoto. Siku tatu mtoto hanawi uso. Kanisa letu limesimama juu ya ziwa miaka mia saba, na watoto wa mtaa wa juu hawajawahi kuishiwa na maradhi ya macho. Baba yangu aliponikabidhi ufunguo, Petka alikuwa na matundu mawili yanayoingia kidole gumba, na ndani ya matundu lilibaki jiwe tupu. Sehemu ya jicho la kushoto niliimaliza mimi. Nilikuwa na miaka minne, bibi yangu kanibana kichwa kwa magoti yake, nami nikapona. Kwa hiyo msinitarajie niicheke desturi hii.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi Spase, mtunza ufunguo. Rumena, mjane wa mwanangu Goce aliyeuawa vitani. Na Dafina, mtoto wao, ambaye Goce hakumwona. Mwaka ninaousimulia Dafina alikuwa na miaka saba na alikuwa na vikope. Asubuhi macho yake yalikuwa yamegandamana kwa usaha hadi Rumena ayafungue kwa kitambaa cha maji vuguvugu, na mwanga wa ziwani ulimuumiza hata akawa anatembea kausitiri uso kwa mkono. Watu aliwajua kwa harufu. "Bibi Fanija kapita na kitunguu," alikuwa akisema, na kweli jirani yetu Fanija alikuwa amepita na kitunguu.

Daktari wa mjini Bitola alitupa marhamu. Alisema tupake miezi miwili bila kukosa, macho yatapona, mtoto ataanza shule vuli akiona ubao. Wiki tano zilikuwa zimepita na mimi sikuona tofauti. Rumena naye hakuona. Lakini alikuwa hana pengine pa kwenda, maana macho ya Petka yalikwisha zamani, akawa anapaka marhamu yake na kunung'unika.

Mwaka huohuo serikali ilimleta Vidoja. Alikuwa msichana wa Skopje aliyevaa suruali na kuvuta sigara kuliko mabaharia wa ziwani, na kazi yake ilikuwa kuwasafisha watakatifu. Miezi miwili alifuta masizi ya mishumaa kwa makombo ya mkate na kitu chenye harufu ya siki, na kutoka kwenye ule weusi zikatoka nguo nyekundu, mikono mirefu, dhahabu. Mimi nilikaa nyumba ya watakatifu hawa maisha yangu yote na sikujua kama Petka amevaa kilemba chenye nyota. Nililia. Vidoja akanipa sigara.

Nilimsaidia kuchanganya chokaa ya kuzibia nyufa. Alinifundisha vizuri, kwa sauti ya mwalimu wa jeshi.

"Ndugu Spase, chokaa hii mbichi ni moto. Ile ya ukutani imelala miaka mia saba, haiumi mtu. Hii ipo macho. Ikikurukia jichoni, usinitafute mimi, usimtafute padri. Maji, na maji mengi, hapohapo."

"Hapohapo maana yake nini?"

"Kabla hujamaliza kutukana."

Nyufa zilipokwisha nikamwuliza kuhusu lile lililokuwa likinikera.

"Binti, na macho?"

"Macho yafanywe nini?"

"Mama wa watu umemsafisha nguo, umemsafisha mikono mpaka kucha, halafu unamwacha kipofu? Wakubwa wanakuja na profesa wa Ufaransa kuutazama ukuta huu. Nitamwonyesha nini, matundu?"

"Matundu ni yake. Ndiyo historia ya bibi zenu. Nikiyaziba nitakuwa nimedanganya."

"Mimi nimewadanganya wageni miaka thelathini na bado nala nashiba."

Alicheka mpaka akakohoa, lakini hakubadili neno. Jumapili akapanda basi kwenda Skopje kuwachukua wageni wake, akaniachia pipa la chokaa lililofunikwa gunia bichi na onyo nisilifungue.

Nililifungua Jumatatu mchana. Sitasema shetani alinishika mkono. Nilikuwa na aibu, na juu ya aibu nilikuwa na kiburi, maana nilishajiona fundi. Nilijaza matundu kwa chokaa laini, nikasawazisha kwa mgongo wa kijiko, nikachora macho kwa rangi za Vidoja. Rangi ya mboni ilinisumbua. Mwishowe nikachanganya ile ya kahawia ya njugu mbichi, rangi ya macho ya Goce, ambayo Dafina ameyarithi. Yalitoka mazuri. Nalisema hili nikijua sipaswi kulisema: yalitoka mazuri, na Petka akanitazama, mimi Spase, kama alivyowatazama watu wa zamani kabla bibi zetu hawajamfikia.

Jioni Dafina alinikaribia mezani akanusa.

"Babu, leo umechanganya chokaa?"

"Hapana. Vidoja kaondoka, nichanganye na nani?"

"Unanukia chokaa."

"Kula maharage yako," nikamwambia.

Jumatano Bibi Fanija alikuja kuwasha mshumaa. Nilikuwa nje nafagia. Nikasikia kishindo, nikaingia mbio, nikamkuta amepiga magoti, kikapu kimepinduka na mayai yamepasuka sakafuni.

"Spase! Nani kaingia humu?"

"Hakuna aliyeingia. Ufunguo ninao mimi."

Kila neno lilikuwa kweli. Fanija alinyanyuka, akaibusu ncha ya shuka la altare, akaibusu na mikono yangu, kisha akatoka akipiga kelele mtaa mzima kwamba Petka kafumbua macho. Hadi saa sita mchana hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walilia, wazee walivua kofia, hata mwalimu wa chama cha kikomunisti alikuja kuchungulia akisema amekuja kuona tu paa. Mimi nilisimama mlangoni nikiheshimiwa. Ningeweza kusema pale. Niliogopa jela, maana ukuta ule ulikuwa mali ya serikali, lakini sitajificha nyuma ya jela. Nilifurahia. Nikajiambia Vidoja akirudi atanitukana, atayakwangua, yataisha.

Alhamisi jioni Rumena alinitengea chakula, akakaa kitako mbele yangu, jambo ambalo halifanyi.

"Baba, kesho Ijumaa. Naomba unifungulie mapema."

"Marhamu ya daktari je?"

"Nimepaka wiki tano. Leo asubuhi kope zimetoka na kitambaa. Baba, vumbi limerudi. Miaka yote hii halikuwepo, linarudi mwaka anaougua mtoto wangu. Unataka niambiwe vipi tena?"

"Subiri wageni waondoke. Wakikuta pamekwanguliwa watanifunga."

"Unaogopea ukuta?"

"Naogopea nyumba hii."

"Wewe ulipona kwa jicho lake. Umetuhadithia mara ngapi, ukilewa hata usipolewa? Mtoto wa Goce ndiye hastahili?"

"Nimesema hapana, mwanangu. Hapana ni hapana."

Aliinuka akachukua sahani yangu ingali nusu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na sababu ya kweli mdomoni, nikampa ya uongo, na ile ya uongo ilinifanya nionekane mzee anayependa ukuta kuliko mjukuu. Mama yeyote angeikataa sababu hiyo.

Asubuhi niliitwa kituo cha basi kupokea viti vilivyoazimwa kwa ajili ya wageni. Kila Ijumaa Bibi Fanija hufagia kanisa, na kila Ijumaa mimi humpa ufunguo. Aliponyoosha mkono nikampa, kama miaka yote. Nilikuwa nimefika sokoni nilipokumbuka ombi la Rumena. Nikajiambia Rumena ni mtii, nikaendelea kushuka.

Alasiri, nikiwa bado chini kwenye ngazi za mtaa wetu, nilisikia kilio. Si kilio cha mtoto aliyeanguka. Nilipanda mbio na miguu yangu hii, nikamkuta Dafina uani kwenye mapaja ya mama yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, anapiga mateke. Bibi Fanija alikuwa amemshika miguu.

"Vua hicho kitambaa!" nikasema.

"Tulia, Spase," Fanija akanijibu. "Inachoma maana inafanya kazi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya adhuhuri," Rumena akasema. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi, na bado alikuwa na matumaini, nililiona tumaini lenyewe. "Nisamehe, Baba. Nitakwenda jela mimi kwa niaba yako."

"Muosheni macho!"

"Siku tatu!" Fanija akafoka. "Umekuwa komunisti uzeeni?"

Maneno yaliyohitajika yalikuwa manne: macho yale nimeyatengeneza mimi. Sikuyasema. Nilimnyakua mtoto mikononi mwa mama yake, nikampeleka kwenye bomba, nikamng'oa kile kitambaa na kumwagia maji, ndoo kwa ndoo, huku Rumena akinivuta shati na Fanija akinipiga mgongoni kwa ufagio na kulia kwamba naosha baraka. Nilimfumbua kope kwa vidole vyangu. Maji yalitoka na uji mweupe. Niliyaona macho yenyewe, na kahawia haikuwemo tena, yalikuwa meupe kama yai lililochemshwa.

Tulipata lori la kubeba tumbaku hadi Bitola. Daktari alikuwa yuleyule wa marhamu. Alimchukua Dafina ndani, akakaa muda mrefu, akatoka akifuta mikono.

"Mmemtia nini?"

"Vumbi la Petka," Rumena akasema. "Na maji ya kisima."

"Vumbi la ukuta? Ukuta wa kanisa ni chokaa! Chokaa, nyinyi watu! Marhamu yangu yalikuwa yanafanya kazi, wiki tatu tu zilibaki!" Kisha aliona mama yule anavyotetemeka akashusha sauti. "Hataona, mama. Naomba radhi kwa kukufokea. Lakini hataona."

Daktari hakuuliza chokaa ya lini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi umbali wa hatua mbili, kofia magotini.

Vidoja alirudi Jumanne. Aliingia peke yake kwanza, wageni wakiwa bado wanahema kwenye ngazi. Akasogeza taa kwenye yale matundu, ambayo Rumena aliyakwangua hadi kwenye jiwe, akapitisha kidole pembeni. Kidole kilitoka cheupe. Alilitazama pipa, akanitazama mimi. Alikuwa ameshasikia habari za mtoto, mji mzima ulikuwa ukizizungumza.

"Ndugu Spase, niambie si chokaa ya pipa lile."

Nilitazama sakafu. Pipa lile yeye ndiye aliyeliacha bila kufuli. Akatoa brashi mfukoni, akapaka kijivu pembezoni mwa matundu kuuficha weupe, haraka haraka. Wageni walipoingia alikuwa ameshaiweka brashi mfukoni. Profesa wa Ufaransa alisimama mbele ya Petka muda mrefu, akauliza jambo kwa lugha yake, na Vidoja akageuka kunitafsiria bila kunitazama.

"Anauliza nani aliyemtoboa macho."

"Waturuki," nikasema.

Profesa aliandika kwenye kijitabu chake.

Mtaani walilipata jibu lao wenyewe. Walisema Spase ndiye aliyempofua mtoto, kwa sababu aliiosha baraka kabla ya siku tatu kutimia. Bibi Fanija aliacha kunisalimu. Wanawake walivuka njia waliponiona. Niliipokea lawama hiyo kwa furaha, nawaambia kweli, kwa sababu halikuwa kosa langu, na mtu anayelaumiwa kwa kosa lisilo lake huweza kulala kidogo.

Rumena hakujiunga na hao. Hilo ndilo lililonila.

"Baba uliogopa tu," aliniambia jioni moja akishona. "Uliona mtoto analia ukaogopa. Kosa ni langu. Nilikwangua yote mawili."

"Usiseme hivyo."

"Petka alikuwa amerudishiwa macho yake siku mbili tu, nami nikayachukua yote mawili. Ningemwachia moja. Fanija aliniambia niache moja, nikasema mtoto wangu ana macho mawili." Akakata uzi kwa meno. "Alinitendea kama nilivyomtendea."

Kila Ijumaa alipanda kuomba msamaha, akipiga magoti mbele ya ukuta. Aliyemfungulia mlango ni mimi. Nilisimama nje nikisikia sauti yake ikiorodhesha kosa lake palepale lilipo langu, na akitoka nilifunga, tukashuka pamoja, nikimwambia aangalie barafu kwenye ngazi. Majira yote ya baridi tulifanya hivyo.

Kabla ya Pasaka sisi hupaka nyumba chokaa. Mwaka uliotangulia Rumena alikuwa amepaka peke yake, mimi nikiwa kanisani na Vidoja, na Dafina alikuwa ametumwa kwa shangazi yake kijijini, maana vumbi lingemuumiza macho. Mwaka huu hapakuwa na cha kumuumiza. Alikuwa uani nasi, kavaa koti la baba yake lililokatwa, akipapasa ukuta kutafuta konokono. Rumena alikuwa juu ya ngazi na brashi. Nilimwaga maji kwenye chokaa, ikachemka ikatoa mvuke, nikaikoroga kwa mti.

Dafina akaacha konokono wake. Akaja hadi kwenye ndoo, akainama.

"Sogea nyuma!" nikapiga kelele kuliko ilivyohitajika.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo nini, mama?" Rumena akauliza kutoka juu.

"Harufu yake. Ya macho ya Petka. Ulipokuja na kile kijiko, kilinukia hivi."

"Huo ni ukuta wa zamani, mwanangu. Ukuta wa zamani haunukii."

"Kilinukia. Na Babu pia alinukia hivi, ile siku aliyosema hajachanganya chokaa. Jumatatu. Nilimwuliza, akaniambia nile maharage."

Brashi ilisimama ukutani. Chokaa ilianza kutiririka kutoka kwenye nywele za brashi, kwenye mkono wa Rumena, ikaingia kwenye mkono wa gauni, naye hakuifuta. Alishuka kidato kimoja, kisha kingine, akasimama mbele yangu. Akaitazama ndoo. Akaitazama mikono yangu.

"Baba?"

Nikayasema yale maneno manne. Yalitoka kirahisi kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, na hilo lilinichukiza kuliko yote, kwamba yalikuwa mepesi kiasi kile.

Rumena hakupiga kelele. Mkono wenye chokaa aliuinua kama anayetaka kunipiga, nami nikangoja, nikauomba ule mkono moyoni, lakini ulirudi ukaning'inia.

Aliyezungumza ni mtoto. Alikuwa amegeuza uso kwenye sauti yangu, yale macho yake meupe yakiangalia pembeni kidogo ya nilipo.

"Babu, uliyachora wewe?"

"Mimi."

"Yalikuwa mazuri?"

Nikauweka chini ule mti wa kukorogea.

"Bibi Fanija alisema yalikuwa mazuri sana. Uliyapaka rangi gani?"

"Ya macho yako," nikasema.

Rumena alimshika mtoto mkono. Aliingia naye ndani, akatoka na kibunda cha nguo na koti jingine la Goce, la majira ya baridi, wakapita mbele yangu wakateremka ngazi za mtaa, polepole, yeye akimhesabia vidato. Ukuta ulibaki umepakwa nusu. Nami sijaumalizia hadi leo.